Kupakia Mtandaoni si Kuhifadhi: Tuelewane Kuhusu Muziki na Filamu za Waamazigh

Oktoba 27 ni Siku ya Urithi wa Sauti na Picha Duniani. Tarehe hiyo haikuokotwa njiani. Oktoba 27, 1980 Mkutano Mkuu wa UNESCO ulipitisha Pendekezo la kulinda na kuhifadhi picha jongefu, na mwaka 2005 mkutano huohuo ukaitenga iwe siku ya maadhimisho. Safari hii kitengo chetu cha hifadhi ya sauti na picha kimeamua kuwazungumzia Waamazigh wa Afrika Kaskazini, ambao vitabu vya shule vimezoea kuwaita Waberiberi. Kilichotusukuma ni malalamiko, ambayo yanazidi kuongezeka na karibu yote yanafanana. Mtu amechukua wimbo wa Kikabylia (wa Waamazigh wa kaskazini mwa Algeria) au gitaa la Watuareg (wale wa Sahara), ameuweka chini ya video ya harusi, ameandika "muziki wa Kiarabu wa asili", video imeondolewa, na sasa anatuuliza kwa nini anaonewa wakati yeye "alikuwa anautangaza utamaduni wa Kiafrika".

Nia njema hatuna shaka nayo. Tatizo ni kwamba nia njema haimwambii msikilizaji nani anaimba, wapi, na kwa lugha gani.

Nianze na hilo la Uarabu, ingawa nilidhani halihitaji tena kusemwa. Kikabylia, Kitashelhit, Kitarifit na Kitamasheki si lahaja za Kiarabu. Tamazight, jina la jumla la lugha za Waamazigh, ni lugha rasmi nchini Morocco kwa Katiba ya 2011, na nchini Algeria kwa marekebisho ya katiba ya 2016. Sensa ya Morocco ya 2024 ilikuta asilimia 24.8 ya wakazi wanazungumza lugha za Kiamazigh. Haki hiyo ya kuandikwa kwenye katiba ilitafutwa kwa miongo, na muziki ulikuwa mstari wa mbele. Machi 1980 mhadhara wa mwandishi Mouloud Mammeri juu ya mashairi ya kale ya Wakabylia ulipigwa marufuku mjini Tizi Ouzou, Algeria, na maandamano yaliyofuata ndiyo yanayoitwa Majira ya Kuchipua ya Waamazigh. Mtu aliyeandamana kwa ajili ya mashairi hatafurahi kuona wimbo wake umebandikwa jina la jirani.

Tuje kwenye uhifadhi wenyewe. Kule Souss, kusini mwa Morocco, kuna waimbaji wasafiri wanaoitwa rwais. Kiongozi wao, rais (si rais wa nchi, ni bingwa wa muziki), hupiga rribab, fidla yenye uzi mmoja wa manyoya ya farasi na mwili wa duara uliowambwa ngozi. Kabla neno lolote halijaimbwa, rribab peke yake hufungua kwa kipande kiitwacho astara, taratibu, ikitafuta njia ambayo sauti ya mwimbaji itapita. Baada ya hapo ndipo inaingia amarg, yaani shairi lenyewe. Nimeona nakala nyingi mitandaoni ambazo astara imekatwa, kwa kuwa aliyepakia aliona wimbo "unachelewa kuanza". Huko ni kukata mlango ukabaki na ukuta. Mwanafunzi wa muziki atakayeipata nakala hiyo miaka 40 ijayo hatajua kwamba kuna kitu kilikuwepo hapo.

Lhaj Belaid, mmoja wa rwais hao, aliyetoka upande wa Tiznit na kufariki miaka ya 1940, tunaisikia sauti yake leo kwa sababu kampuni za santuri zilimrekodi miaka ya 1930. Hazikufanya hivyo kwa kupenda urithi. Zilitaka kuuza gramafoni. Msomaji wa pwani anaijua hadithi hii, maana Siti binti Saad naye alivuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa wafanyabiashara wa aina ileile. Maoni yangu, na hapa sisemi kwa niaba ya ofisi, ni kwamba wahifadhi wa Afrika tuna deni kubwa zaidi kwa wachuuzi wa santuri na kaseti kuliko kwa wizara nyingi. Filamu za kwanza za Kitashelhit, lugha ya Souss, nazo zilizaliwa hivyohivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu wa Souss walianza kutengeneza filamu kwa kamera za video za bei nafuu, wakazisambaza kwa kanda za VHS, zikanunuliwa sokoni Agadir, Casablanca na kwa jamaa walioko Ulaya. Televisheni ya Tamazight ya Morocco ilikuja kuanza 2010.

Kanda hizo ndizo zinazokufa sasa. Kampuni ya mwisho kubwa kutengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, ilisimamisha kazi Julai 2016. Mwaka 2019 UNESCO pamoja na IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, walitoa tahadhari kwamba kufikia takriban 2025 kupata mashine nzuri za kuchezea kanda za sumaku kungekuwa kugumu mno. Muda huo umeshatufikia. Kanda inaweza kuwa nzima kabisa na isiwepo mashine ya kuisoma.

Kwa upande mwingine upo mfano wa rekodi zilizotunzwa sawasawa. Mwaka 1959 mwandishi Paul Bowles alizunguka Morocco na tepurekoda ya Ampex, kwa fedha za Rockefeller Foundation na kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Mashine ile ilikuwa nzito na ilihitaji umeme, na vijiji vingi vya milimani havikuwa nao, kwa hiyo mara nyingine wanamuziki ndio walioteremka kuifuata. Ubora wa sauti ni mzuri, lakini thamani ya mkusanyiko ule iko kwenye maandishi yake: mahali, tarehe, ala, kabila, nani anapiga nini. Faili la MP3 lenye jina "Berber mix 7" halina hata kimoja kati ya hivyo. Ukiniuliza nichague kati ya kaseti yenye mikwaruzo na karatasi ya maelezo, na rekodi safi isiyo na jina la mtu, nitachukua kaseti.

Lipo jambo gumu zaidi ambalo watu hawapendi kulisikia. Ahellil ni ibada na sherehe ya Wazenete, kundi la Waamazigh wa Gourara, oasisi za Algeria zinazozunguka Timimoun. Wanakwaya, wakati mwingine hata mia moja, husimama bega kwa bega katika duara wakimzunguka mwimbaji, wakipiga makofi na kusogea polepole. Sehemu ya kwanza, lemserreh, ni nyimbo fupi zinazojulikana na kila mtu, na vijana kwa wazee huimba hadi usiku mwingi. Sehemu ya pili, aougrout, huwaachia wenye uzoefu mpaka karibu na alfajiri. Ya tatu, tra, hubaki na mafundi peke yao mpaka kunakucha. Yaani darasa limo humohumo ndani ya usiku: kijana anaingia na nyimbo rahisi, anachoka, anakaa pembeni, anasikiliza wakubwa. UNESCO iliitangaza ahellil mwaka 2005 na kuiingiza kwenye Orodha ya urithi usioshikika mwaka 2008. Katika sababu zilizotajwa za kudhoofika kwake, mbali na maandalizi marefu na vijana kuhamia mijini, ipo hii: watu wanapendelea kusikiliza rekodi nyingi zilizopo badala ya kwenda kwenye ahellil yenyewe.

Soma tena sentensi hiyo. Rekodi, kazi ambayo mimi nalipwa kuitunza, imetajwa miongoni mwa vinavyoua. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba utamaduni wa Waamazigh "umeshaokolewa" kwa kuwa uko mtandaoni, uvumilivu unanipungukia. Rekodi inasaidia pale tu ambapo kuna watu bado wanasimama kwenye duara, au wanataka kurudi kusimama.

Filamu inaweza kubeba zaidi ya sauti. Chukua taskiwin, ngoma ya kivita ya milima ya Atlasi ya Juu ya magharibi nchini Morocco, iliyoingizwa mwaka 2017 kwenye Orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Jina lake linatokana na pembe ya baruti iliyopambwa ambayo kila mchezaji huivaa, na kiini chake ni mtikisiko wa mabega unaofuata matari na filimbi. Mikrofoni haioni bega. Nchini Algeria, filamu ndefu za Kikabylia zilichelewa mno kuruhusiwa. Zilipotoka, zilifuatana: Machaho ya Belkacem Hadjadj, La Colline oubliée ya Abderrahmane Bouguermouh iliyotokana na riwaya ya Mammeri ya 1952, na La Montagne de Baya ya Azzedine Meddour, zote katikati ya miaka ya 1990, katika vita vya ndani. Mlipuko uliotokea wakati wa upigaji picha wa ile ya Meddour uliua watu kadhaa wa kikosi chake. Siku hizi hali ni tofauti: filamu fupi ya Sofia Alaoui, inayozungumzwa kwa Tamazight na kupigwa milimani Atlasi, ilishinda tuzo kuu ya filamu fupi ya tamasha la Sundance la Marekani mwaka 2020, na Agadir kuna tamasha la filamu za Kiamazigh, Issni N'Ourgh, tangu 2007.

Sasa sheria, maana ndiko maswali yaliko. Haya ni maelezo ya jumla na hayachukui nafasi ya ushauri wa wakili.

"Wimbo wa asili hauna mwenyewe." Hapana. Rekodi moja ya muziki inaweza kubeba haki za watu watatu tofauti: mtunzi wa maneno na muziki, mwimbaji na wapigaji, na mtayarishaji wa rekodi. Ruhusa ya mmoja haifuti haki za wengine. Juu ya hao, Sheria ya Morocco Na. 2-00 inalinda sanaa za jadi zenyewe: kuzitumia kwa biashara, au nje ya mazingira yake ya kimila, kunahitaji kibali cha ofisi ya hakimiliki ya nchi hiyo, malipo yanakwenda kwenye shughuli za kitaaluma na za kitamaduni, na chanzo, yaani jamii au mahali ilikotoka sanaa hiyo, lazima kitajwe. Algeria nayo imeikabidhi ONDA, ofisi yake ya hakimiliki, ulinzi wa kazi za urithi wa jadi.

"Lakini mwenyewe amekufa." Sawa, alikufa lini? Idir, mwimbaji wa Kikabylia, alifariki Mei 2, 2020. Kwa Amri Na. 03-05 ya Algeria ya Julai 19, 2003, haki za kiuchumi hudumu miaka 50 kuanzia mwanzo wa mwaka unaofuata kifo. Kazi ikiwa ya watunzi zaidi ya mmoja, hesabu huanza kwa kifo cha yule wa mwisho. A Vava Inouva, wimbo uliomtangaza duniani, maneno yake aliyaandika Ben Mohamed. Fanya hesabu mwenyewe kabla ya kutuandikia. Morocco ni miaka 70.

Adhabu: Amri hiyo ya Algeria inaweka kifungo cha miezi 6 hadi miaka 3 na faini ya dinari 500,000 hadi 1,000,000 kwa kosa la kughushi kazi, yaani kuinakili au kuitoa bila ruhusa, na kwa anayerudia adhabu huongezwa maradufu. Morocco, kwa marekebisho ya 2006, ni kifungo cha miezi 2 hadi 6 na faini ya dirhamu 10,000 hadi 100,000, au kimojawapo. Hizo ni adhabu za mahakama za huko. Hata hivyo Morocco, Kenya, Tanzania na Algeria zote ni wanachama wa Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1917, 1993, 1994 na 1998 kwa mfuatano huo, kwa hiyo kazi ya mtunzi wa Tizi Ouzou inalindwa Mombasa na Mwanza kwa sheria za Mombasa na Mwanza. Kuondolewa kwa video ni jambo jingine kabisa: hilo ni masharti ya jukwaa uliyoyakubali ulipofungua akaunti, na kitengo chetu hakina uwezo wa kuirudisha. Tafadhali msiendelee kutuomba.

Mwisho, wapo kati yenu waliosoma Algeria au Morocco na wangali na kaseti au kanda za video walizorudi nazo. Hizo tunazitaka, au angalau tunataka kujua zipo. Usiijaribishe kanda yako kwenye redio ya zamani "kuona kama bado inalia", wala usiirudishe nyuma. Mashine mbovu hula kanda mara moja tu. Vunja kile kipande kidogo cha plastiki kilicho ukingoni mwa kaseti ili isiweze kurekodiwa juu. Isimamishe wima, mbali na spika na jua. Piga picha lebo pande zote mbili. Andika ulinunua au ulirekodi wapi, mwaka gani, na kama ni rekodi ya harusi au sherehe, ya nani na kijiji gani, hata kama unakumbuka nusu. Sisi sauti yake tutaihamishia kwenye faili la WAV la biti 24 na kHz 96, asili tutakurudishia ukitaka, na haitachezwa hadharani mpaka wenye haki wajulikane. Kanda inayonata isiokwe kwenye oveni ya jikoni kama mnavyosoma huko mtandaoni. Kazi hiyo ina vifaa vyake na joto lake linalopimwa. Na kwa walioko Dar, Tanga, Mombasa na Unguja: kanda yenye unga mweupe ina ukungu. Ifunge kwenye mfuko wake peke yake, andika "UKUNGU" juu, na umwambie mpokeaji kabla hajaufungua.