Mpini wa kisu cha kuchongea vijiko: yasemwayo na yaliyo kweli

Mchongaji wa vijiko na miko huhitaji visu viwili: kimoja kilichonyooka, cha kuchongea umbo la nje, na kingine kilichopinda kama mundu mdogo, cha kukombea tumbo la kijiko. Wengi hununua bapa tupu au humwagiza mhunzi, kisha huutengeneza mpini wenyewe. Katika hatua hiyo ndipo wanapokutana na ushauri mwingi ambao sehemu yake haina ukweli.

Husemwa kwanza kwamba mpini bora ni wa mti mgumu kuliko yote, na mpingo hutajwa kabla ya mingine. Mpingo ni mti mzuri, lakini ni mzito kiasi cha kuzama majini, huchosha keekee, na vumbi lake huwasha ngozi na pua. Ugumu huo hauhitajiki, kwa kuwa mpini wa kisu haugongwi kwa nyundo kama wa patasi. Visu vya Mora, mji wa Uswidi wenye sifa ya visu vya kuchongea, vimezoeleka kutiwa mipini ya mti wa betula, ambao uzito wake ni kama nusu tu ya ule wa mpingo. Kwetu mninga unafaa sana, hasa kwa kuwa hausinyai sana unapokauka. Mpera nao unafaa, mradi umekauka.

Sharti hilo la kukauka ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Kwa kuwa kijiko huchongwa kutoka mti mbichi, watu hudhani kwamba mpini nao uchongwe mbichi, tena huongeza kwamba mti ukikauka utaubana msuka, yaani mkia wa bapa unaoingia ndani ya mpini, kwa nguvu. Kweli utaubana, lakini chuma hakirudi nyuma, na mti usipopata pa kwenda hupasuka. Mti huanza kusinyaa unyevu wake ukishuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu, nao husinyaa kwa upana, si kwa urefu wa nyuzi. Mimi mwenyewe nilikata tawi la mpera asubuhi na jioni kisu kikawa na mpini. Baada ya wiki tatu ufa ulikuwa umetoka kwenye noleo, yaani pete ya chuma mpini unapokutana na bapa, hadi katikati, mpana wa kuingiza ukucha. Njia ya uhakika ni kukata vipande vikubwa kuliko vinavyohitajika, kuvipaka nta au rangi kwenye ncha zote mbili, kwa kuwa unyevu hutoka huko haraka mno, kuvihifadhi kivulini, na kuvipima kwenye mizani ya jikoni kila baada ya siku chache. Uzito ukiacha kupungua, mti umekuwa tayari.

Wapo pia wanaoamini kwamba mpini wa duara ndio unaokaa vizuri mkononi. Unakaa vizuri kisu kikiwa kimetulia tu. Ukiushika mpini wa duara huku macho yako yakiwa kwenye kijiko, vidole havijui makali yameelekea wapi, ilhali mpini wenye umbo la yai huviambia papo hapo. Kwa kisu kilichopinda jambo hili ni zito zaidi: makali yake yako kando ya mstari wa mpini, hivyo kila mkombo hujaribu kuuzungusha mpini mkononi. Mpini mwembamba wa duara humlazimu mchongaji kukaza vidole hadi vife ganzi, naye hudhani kwamba kisu ni butu. Kisu cha namna hii kipewe mpini mnene kidogo na mrefu kuliko wa kisu kilichonyooka, ili mkono wa pili upate pa kushika panapohitajika nguvu.

Kuhusu kuuchoma msuka na kuupenyeza ungali mwekundu, njia inayotumika sana kwa majembe, si kosa, ila haitoshi peke yake. Mti ulioungua huwa makaa, na makaa husagika, kisha msuka huanza kucheza. Aidha, joto hupanda hadi kwenye makali, na yakigeuka rangi ya buluu matiko, yaani ugumu ambao mhunzi aliyatia, yamekwisha na kisu hakitashika ukali tena. Tundu litobolewe kwanza kwa keekee, bapa lizungushiwe kitambaa kibichi, msuka utumike kurekebisha tundu tu, kisha tundu lijazwe gundi ya epoksi msuka ukiwa umepoa.

Mwisho ni vanishi. Mpini unaong'aa huvutia dukani, lakini kwenye jasho huteleza na huleta malengelenge. Mafuta ya nazi au ya kupikia hayafai badala yake, kwani hubaki ya majimaji na mpini hunata vumbi. Mafuta ya kitani hukauka ndani ya nyuzi, mradi yapakwe membamba na kufutwa vizuri. Tahadhari moja tu: tambara lililolowa mafuta hayo lisifumbatwe na kutupwa pembeni, kwa kuwa mafuta yanapokauka hutoa joto, na tambara lililokunjwa laweza kuwaka lenyewe. Litandazwe nje hadi likakamae, au lilowekwe kwenye ndoo ya maji.