Kuku anayechechemea: yanayosemwa uani na yaliyo kweli

Chausiku ni tetea mweusi mwenye damu ya kuchi, ana miaka mitatu, na kazi yake kubwa hapa nyumbani ni kutufuata jikoni na kutaga siku anayojisikia. Alipoanza kuchechemea, kila aliyepita uani alikuwa na lake. Shemeji alisema kateguka. Jirani akasema ni kideri, nimchinje kabla hajakonda. Muuzaji wa duka la dawa za mifugo akanipa unga wa kuchanganya kwenye maji bila hata kuniuliza ni mguu upi. Wiki tatu zikapita, na mguu wenyewe hakuna aliyeugeuza kuutazama, mimi nikiwemo.

"Kateguka tu, mwache."

Kuteguka kupo, na kuku akitulizwa sehemu ndogo asirukeruke, ndani ya siku chache hatua huanza kurudi. Ikipita wiki na bado anachopea, kuna kitu. Mkamate usiku akiwa amelala, hana vurugu. Mpakate, mabawa yakiwa yamefungwa ubavuni, lakini usimbane kifua: kuku hana kiwambo kama chetu, anapumua kwa kuinua na kushusha kidari, kwa hiyo ukimkaza unamnyima pumzi. Kisha washa tochi, uanze na unyayo, vidole, halafu upande juu hadi pajani. Usishangae mguu kuwa wa moto, kwani joto la kawaida la kuku ni kama nyuzi 41. Linganisha na mguu wa pili, ndio kipimo chako.

Mitaani kwetu kitu cha kwanza ninachokitafuta ni uzi. Kuku anachakura nyuma ya saluni, nywele za rasta zinamzunguka vidole. Anachakura kwenye viroba vya pumba, ni yale yale. Uzi unakaza kidogo kidogo, nyama inavimba na kuufunika, na mwenye kuku anaona uvimbe tu. Hapo hata umpe dawa gani, kidole kitakuwa cheusi na kudondoka. Loweka mguu kwenye maji ya vuguvugu, chukua kimkasi kidogo na mwanga mzuri, utoe nyuzi zote. Ukibakisha moja hujafanya kitu.

Chausiku hakuwa na uzi. Katikati ya unyayo alikuwa na kigaga cheusi, kidogo kama punje ya pilipili manga, na nyama kuzunguka ilikuwa imejaa na kuwa ngumu.

"Hilo jipu, likamue."

Hapa ndipo wengi tunaharibu. Usaha wa kuku haumiminiki kama wa mtu. Unaganda na kuwa kitu kigumu, cheupe au cha njano, kama jibini iliyokauka. Ukikamua hutoi usaha, unausukuma ndani karibu na mishipa na mfupa. Mara nyingi mdudu mwenyewe ni bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, anayeingia kwenye mkwaruzo mdogo, na anaweza kumpata binadamu pia. Vaa glavu, nawa mikono.

Kidonda kikiwa kichanga, loweka mguu dakika kumi hadi kumi na tano kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi, ukaushe, upake dawa ya kusafishia vidonda, ufunge bandeji na uibadilishe kila siku. Uvimbe ukishakuwa mgumu, mwite daktari wa mifugo apasue. Wangu alipasuliwa, na kilichotoka kilikuwa kipande kimoja, kigumu, kama kiini cha yai lililochemshwa sana.

Lakini dawa isingemaliza, maana chanzo kilikuwa mwembe. Kuchi ni kuku mzito, naye kila asubuhi alikuwa anajitupa kutoka kwenye tawi la juu hadi kwenye kokoto. Nikamwekea ubao mpana kama sentimita 5, kona zimepigwa msasa, kimo chini ya nusu mita, na maranda makavu pale anapotua.

"Dawa ya unga inatibu yote."

Unga ule kwa kawaida ni oksitetrasaiklini. Ni antibiotiki: haiungi mfupa, haikati uzi, haiui virusi. Tena hushikana na kalsiamu, kwa hiyo anayemwaga unga kwenye maji huku akijaza chokaa kwenye chakula anaipunguza nguvu dawa aliyoinunua. Na mayai ya siku za dawa si ya kula hadi muda ulioandikwa kwenye pakiti upite. Hilo watu huliruka kwa makusudi, tuseme ukweli.

"Mguu ukilegea ni kideri."

Kideri, au mdondo, hakina subira. Kinapita bandani kwa siku chache: kukohoa, kinyesi cha kijani, shingo kupinda, na vifo vya kufuatana. Kuku mmoja anayechechemea mwezi mzima huku akigombania pumba na wenzake ana jambo jingine.

Linalochanganya zaidi ni mahepe, ugonjwa wa virusi ulioelezwa mwaka 1907 na József Marek, daktari wa mifugo wa Hungaria. Huwapata zaidi kuku wachanga kabla hawajafikisha miezi saba au minane. Dalili yake ya kitabuni ni kuku kulala mguu mmoja mbele, mwingine nyuma. Hauna tiba, na chanjo yake hutolewa kifaranga akiwa wa siku moja, ndiyo maana waliototolewa na mama yao uani kwa kawaida hawana. Haumpati binadamu.

Miguu yenye magamba yaliyoinuka kama gome la mti ni habari ya utitiri waliojichimbia chini ya magamba. Mafuta ya taa na oili chafu ambayo watu wanapaka yanaunguza ngozi. Mafuta ya mgando, au hata ya kupikia, yanawaziba pumzi wale wadudu. Rudia kwa wiki kadhaa, wala usibandue magamba kwa kucha.

Chokaa nayo, ambayo watu humwekea kuku ili miguu iwe imara, ina ukweli nusu. Ganda la yai moja lina kama gramu 2 za kalsiamu, na tetea asipoipata kwenye chakula anaitoa kwenye mifupa yake hadi miguu inamshinda. Pumba tupu haimtoshi. Ila weka maganda ya chaza au ya mayai yaliyopondwa kwenye chombo cha peke yake, ajichotee. Ukiichanganya kwenye chakula cha wote, vifaranga watalipa kwa figo zao.

"Kuku hasikii maumivu."

Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, walitoa matokeo ya jaribio kwa kuku wa nyama. Waliwawekea vyakula viwili vya rangi tofauti, kimoja kina dawa ya maumivu. Waliokuwa wakichechemea walikula zaidi kile chenye dawa, na kadiri kilema kilivyozidi ndivyo walivyokitafuta zaidi. Kuku anajua panapomuuma. Anaficha tu, kwa sababu porini anayeonekana mgonjwa ndiye wa kwanza kuliwa. Dawa hiyo lakini aipime daktari, usitoe kidonge chako kabatini.

Chausiku bado ana hatua fupi upande wa kushoto. Asubuhi za baridi anasimama juu ya ubao wake kwa mguu mmoja, mwingine kaukunja ndani ya manyoya, na hakuna mgeni asiyeniambia kuku wangu anaumwa. Hapo haumwi. Anapumzika na kuhifadhi joto, kama kuku yeyote mzima.