Altamagneti: sumaku isiyovuta msumari

Sogeza msumari karibu na fuwele ya manganizi teluraidi (MnTe): hautatikisika. Kwa kipimo cha mezani, hiyo si sumaku. Lakini ndani yake elektroni hujitenga kwa mwelekeo wa spini, tabia ambayo kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa ya chuma na jamaa zake. Hali hii ndiyo usumaku wa altamagneti. Nadharia yake iliwekwa wazi mwaka 2022 na Libor Šmejkal, Jairo Sinova na Tomáš Jungwirth, wanafizikia wanaofanya kazi Mainz nchini Ujerumani na Prague nchini Cheki.

Tuanze na aina mbili za usumaku zilizojulikana zamani. Kila elektroni ni kisumaku kidogo mno, na mwelekeo wake tunauita spini: juu au chini. Katika feromagneti, kama chuma, nikeli na kobalti, spini za atomi huelekea upande mmoja, nguvu zikajumlishana, na msumari ukavutwa. Katika antiferomagneti atomi jirani hupingana, juu, chini, juu, chini, hadi jumla ikawa sifuri. Louis Néel alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1970 kwa kazi yake juu ya aina hii ya pili, na katika mhadhara wa tuzo alisema inavutia sana kinadharia lakini haielekei kuwa na matumizi.

Altamagneti nayo ina jumla ya sifuri. Tofauti yake haimo kwenye spini zenyewe, imo kwenye atomi zinazozizunguka, na hapa ndipo wengi hupotea njia. Chukua bao la drafti. Vyumba vyeusi viwe spini ya juu, vyeupe spini ya chini. Ukilisukuma bao kwa chumba kimoja, cheusi kinakaa mahali pa cheupe na mchoro unalingana tena. Hiyo ni antiferomagneti. Sasa weka punje ya mchele katika kila chumba: zote zilale bapa, kwenye vyeusi ielekee kushoto na kulia, kwenye vyeupe ielekee mbele na nyuma. Ukisukuma tu, punje hazilingani. Sharti pia uligeuze bao robo mzunguko. Ndani ya MnTe punje hizo ni atomi za teluri: mpangilio wake kuzunguka atomi ya manganizi yenye spini ya juu, ukilinganishwa na ule wa jirani yake wa spini ya chini, umegeuka kwa nyuzi 60.

Mgeuko huo ndio unaozigawa elektroni. Zinazosafiri kuelekea upande fulani wa fuwele, zile za spini ya juu huwa na nishati tofauti na za spini ya chini. Badili upande, nafasi zinageuka: iliyokuwa juu kwa nishati inakuwa chini. Ukijumlisha pande zote hesabu inarudi sifuri, ndiyo maana msumari hauoni kitu.

Basi huthibitishwaje? Fuwele hupigwa na mwanga mkali wa eksirei au urujuanimno, elektroni zikachomoka, kisha nishati na pembe ya kila moja hupimwa. Kwa njia hiyo mpasuko wa nishati, yaani tofauti hiyo kati ya spini ya juu na ya chini, ndani ya MnTe ulionekana kwenye chanzo cha mwanga cha Taasisi ya Paul Scherrer nchini Uswisi, na matokeo yakachapishwa Februari 2024. Desemba mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham walichapisha picha za usumaku huu zilizopigwa katika maabara ya MAX IV, Lund, Uswidi.

Kipimo kingine ni cha umeme. Pitisha mkondo kwenye utando mwembamba wa MnTe, kisha pima volteji kwenye kingo mbili za pembeni, bila sumaku ya nje. Volteji ikijitokeza na kubadili ishara unapogeuza mpangilio wa spini, ni dalili nzuri. Ni dalili tu, kwa sababu uchafu mdogo wa feromagneti ndani ya utando unaweza kutoa volteji ya namna hiyohiyo. Kosa la pili ni domeni: utando ukigawanyika katika vipande vyenye mielekeo inayopingana, volteji hufutana na mpimaji akadhani hakuna kitu. Dawa ni kupasha utando moto hadi mpangilio wa spini uvunjike, kisha kuupoza taratibu ndani ya uga wa sumaku ili upande mmoja ushinde.

Tahadhari hii ina sababu. Ruteni dioksaidi (RuO₂) ilikuwa mfano wa altamagneti uliotajwa kuliko yote, na maabara kadhaa zilitangaza dalili zake. Vipimo vya myuoni na nyutroni, chembe ndogo zinazopenya ndani ya fuwele na kuhisi usumaku wake, vilivyochapishwa mwaka 2024 havikuona mpangilio wa spini katika fuwele zake zilizo safi. Bila mpangilio huo hakuna altamagneti, hata nadharia ikiwa nzuri namna gani.

Matumizi yanayotazamiwa zaidi ni kumbukumbu za kompyuta. Kumbukumbu za sumaku zilizopo hutumia feromagneti, na kila biti hutoa uga unaomsumbua jirani yake, kwa hiyo haziwezi kubanwa sana. Altamagneti haitoi uga huo. Spini zake pia zinaweza kugeuka kwa kasi ya terahezi, takriban mara elfu ya gigahezi za feromagneti. Antiferomagneti ina faida hizohizo, lakini kuisoma kwa umeme ni kazi ngumu. Mpasuko wa nishati ndio unaoipa altamagneti ishara ya kusomeka.

Kikwazo kikubwa ni joto. Mpangilio wa MnTe huvunjika kwenye kama kelvini 307, yaani nyuzi 34 za Selsiasi. Simu iliyoachwa juani Dar es Salaam au Mombasa hupita hapo kwa urahisi, na prosesa inayofanya kazi huwa na joto zaidi ya hilo. MnTe ni nzuri kwa kujifunzia, si kwa kuuzia. Kromi antimonaidi (CrSb) inastahimili hadi karibu nyuzi 430, lakini spini zake husimama wima kwenye mhimili wa fuwele, na ulinganifu wa mkao huo unaizuia ile volteji ya pembeni isitokee. Njia moja inayojaribiwa ni kuotesha utando wa CrSb juu ya tabaka lenye vipimo visivyolingana nao kikamilifu, ili fuwele ivutike kidogo, ulinganifu uvunjike na biti isomeke.