Gundi haijui katikati ni wapi

Jana ilikuwa mara ya tatu mwezi huu. Kava ya mota ya mashine ya kusaga, yaani kifuniko cha ubavuni kinachoshika beringi, kilowati 7.5, beringi 6308, imeletwa ndani ya mfuko wa rambo, na salamu hazijaisha mwenyewe anasema: "Fundi, usinianzishie mambo ya kukereza. Tia ile gundi ya kijani, nirudi kazini."

Kukereza ni kuchonga chuma kwenye mashine ya lethe; gundi aliyoitaka ni ya kushikiza beringi iliyolegea. Nikapima tundu la kava linaloshika beringi: milimita 90.31. Beringi yenyewe kwa nje ni 90, na tundu hilo halitakiwi kupita 90.035. Hapo beringi haikai, inaogelea.

Gundi siikatai, mimi mwenyewe ninayo kabatini. Gundi ya Loctite namba 638 imeandikwa inajaza pengo mpaka robo milimita, 660 mpaka nusu. "Si umeona? Tumia 660." Ndugu yangu, kujaza ni jambo moja, kuweka katikati ni jambo jingine kabisa! Beringi inayopwaya inalala chini kwa uzito wa rota, ile sehemu inayozunguka, na gundi inaigandisha hapohapo ilipolala. Kwenye pengo la 0.31, shafti imeshuka zaidi ya 0.15. Kati ya rota na stata (sehemu isiyozunguka) ya mota kama hii, nafasi yote haifiki nusu milimita. Theluthi nzima umeila kwa chupa moja, na sumaku nayo inazidi kuvuta upande uliosogea. Mota inaanza kunguruma, kisha napigiwa simu naambiwa gundi ilikuwa feki.

Kwa hiyo bushi, yaani pete ya chuma inayobandikwa ndani ya tundu lililopanuliwa. Na hapa wenzangu wa fani ndio wanaonichosha kuliko wateja. Wanafunga kava kwenye mashine ya kukereza, wanatafuta katikati kwa kufuata tundu lililolika. Lililolika! Beliti imelivuta upande mmoja miaka minne, wewe unalifanya shahidi. Dayo geji, kile kipimo cha mshale kinachoonyesha kitu kimetoka katikati kiasi gani, iwekwe kwenye mdomo wa kava, pale panapoingia kwenye bodi ya mota, maana hapo hapajaliwa na kitu. Ukishapapata, panua mpaka 96, bushi iingie kwa mkono ikiwa na nafasi ya 0.05, gundi, kisha iache mpaka kesho. Ndani ya bushi nimeacha nyama, yaani unene wa ziada wa kukereza baadaye. Kesho kava inarudi kwenye mashine, dayo geji kwenye mdomo uleule, ndipo nakereza saizi ya beringi. Anayemaliza bushi ndani na nje kabla ya kuibandika amerudi kulekule: gundi ndiyo iliyomchagulia katikati.

Usafi: asetoni, mara mbili, na chuma cha kutupwa kipashe moto kidogo kwanza kiteme mafuta. Upande wa feni usigandishe beringi kwa gundi hata ukibembelezwa. Shafti ya milimita 300 ikipanda joto nyuzi 50 inarefuka karibu 0.18, na beringi moja lazima iwe na pa kusogea.

Sasa kinachoninyima raha. Kava ya jana ni ya alumini, bushi yangu ni ya chuma. Alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma; kwenye kipenyo cha 96, nyuzi 50 zinafungua kama 0.05 kuzunguka gundi yangu. Inasemekana gundi inavumilia. Nyingi nilizofanya zinavumilia kweli. Mbili zilirudi bushi ikizunguka pamoja na beringi, na sikuweza kuamua kama ni joto au ni mafuta niliyoshindwa kuyatoa. Tangu hapo bushi ya kava ya alumini naiachia kola, yaani ukingo uliojitokeza, na naongeza skrubu tatu ndogo kwenye mshono wa bushi na kava. Kama skrubu hizo zinaisaidia bushi au zinanisaidia mimi kulala, sina uhakika.

Mwenye kava alikubali kusubiri, kwa shingo upande. Akaishika chupa ya gundi, akaiinua kwenye mwanga. "Bei yote hii, na imejaa nusu? Wamekupiga, fundi." Nikamwambia hiyo nusu tupu ndiyo inayoilinda: gundi hii hukauka ikibanwa na chuma mahali pasipo na hewa, kwa hiyo ukiijaza chupa mpaka juu inaweza kugandia humohumo. Aliniangalia kama mtu anayesikiliza uongo mzuri, akauliza mota itakuwa tayari saa ngapi.