Umbo la bidhaa nalo laweza kuwa alama ya biashara
Wengi huamini kwamba alama ya biashara ni jina na nembo, basi. Si kweli. Chupa ya Coca-Cola, ile yenye kiuno, ilisajiliwa Marekani kama alama ya biashara mwaka 1960. Ukiipapasa gizani unaijua bila kusoma chochote, na kazi ya alama ndiyo hiyo: kumwambia mnunuzi bidhaa imetoka kwa nani.

Wapo pia wanaokosea upande wa pili, wakidhani umbo lolote walilobuni litasajilika. Hapo ndipo penye utata. Umbo likiwa linafanya kazi ya kiufundi, mlango umefungwa. Tazama tofali la Lego, lile la plastiki la kuchezea watoto: vile vinundu vya juu ndivyo vinavyolishikanisha na jingine. Mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikubali usajili wake ufutwe, ingawa tofali lenyewe nani asiyelijua? Ubunifu wa kiufundi hulindwa kwa hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake, ambayo kwa kawaida hukoma baada ya miaka 20. Alama ya biashara huhuishwa tena na tena, hata milele. Na hataza za tofali hilo zilikuwa zimekwisha zamani; kulisajili kama alama kungerefusha ulinzi huo bila kikomo.