Daktari mwanamke hakuwa njozi
Watazamaji wengi wa Dr. Quinn, Medicine Woman, tamthilia ya Marekani iliyoanza kurushwa na kituo cha televisheni cha CBS mwaka 1993, hudai kuwa daktari mwanamke katika miaka ya 1860 ni njozi tupu ya watunzi. Sivyo. Elizabeth Blackwell alihitimu udaktari mwaka 1849, na mwaka uliofuata kikaanzishwa Philadelphia chuo cha udaktari cha wanawake, kilekile ambacho Michaela Quinn, daktari mhusika mkuu wa tamthilia, anatajwa kusomea. Hata kisa cha jina lake kudhaniwa "Michael A." kwenye telegramu, wenyeji wakamngojea mwanamume, kina ukweli wa zama zile. Kosa lenyewe, ambalo wakosoaji hulipita kimya, ni la mji: Colorado Springs uliasisiwa mwaka 1871, ilhali tamthilia inamshusha humo mwaka 1867.