Wasiwasi, presha na moyo: yanayosemwa Kusini na ukweli wake

Mkulima wa korosho wa Newala au Nachingwea, kusini mwa Tanzania, anayesubiri malipo ya mnada, huku muhula mpya wa shule ukikaribia na deni la salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, halijalipwa, hulalamika mara nyingi kwamba usiku moyo unamwenda mbio na usingizi haumjii. Majirani humwambia aache mawazo, kwani wasiwasi ni wa kichwani tu na hauugusi moyo. Dhana hiyo si sahihi. Hofu inapomshika mtu, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni za adrenalini na kotisoli katika damu, moyo hupiga kwa kasi, mishipa hubana na shinikizo la damu hupanda; hofu ikipita, mwili hutulia. Wasiwasi unaodumu kwa miezi au miaka hauupi mwili nafasi hiyo, na aghalabu huandamana na sigara, pombe na kukesha, mambo ambayo nayo huudhuru moyo.

Wapo wanaoamini kinyume chake, kwamba mwenye wasiwasi lazima ataugua moyo, na imani hiyo humzidishia hofu. Uchambuzi wa tafiti 20 uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha watu karibu 250,000 ambao mwanzoni hawakuwa na ugonjwa wa moyo, ulionyesha kwamba wenye wasiwasi walikuwa na uwezekano wa kuupata uliozidi wa wenzao kwa takriban asilimia 26. Yaani, ikiwa katika watu 100 wasio na wasiwasi wangeugua 10, katika 100 wenye wasiwasi wangeugua kama 12 au 13. Si jambo la kupuuzwa, lakini walio wengi hawaugui.

Dhana inayonitia uchungu zaidi ni ile ya "presha ya mawazo". Mtu hupimwa mara kadhaa, hukutwa na 160 kwa 100, ambayo ni presha ya juu, huanzishiwa dawa, kisha fedha za korosho zikiingia na mawazo yakipungua huacha vidonge, akiamini kwamba kilicholeta presha kimeondoka. Shinikizo la juu la damu kwa kawaida halina dalili, kwa hiyo kujisikia vizuri hakuthibitishi kwamba limeshuka. Huendelea kuharibu mishipa, figo na moyo hadi siku ya kiharusi. Dawa hupunguzwa na daktari baada ya vipimo. Wasiwasi wenyewe una tiba yake, kwa mazungumzo na mtaalamu, mazoezi na dawa inapobidi, lakini tiba hiyo haichukui nafasi ya vidonge vya presha.

Kuhusu kifua kinachobana ghafla, wengine husema ni majini, wengine husema ni wasiwasi tu, hasa mgonjwa akiwa mwanamke. Ni kweli kwamba hofu kali huweza kubana kifua na kukata pumzi, na mara nyingi hufika kileleni ndani ya dakika 10 kisha ikapungua. Hata hivyo, hakuna awezaye kuitofautisha na shambulio la moyo kwa kumtazama mgonjwa akiwa nyumbani, na wanawake na wenye kisukari huweza kupata shambulio lisilo na maumivu makali. Maumivu yanayoendelea, yanayosambaa hadi mkononi, tayani au mgongoni, au pumzi kukatika pamoja na jasho baridi na kichefuchefu, ni sababu ya kumkimbiza mgonjwa hospitali mara moja, iwe Ligula mjini Mtwara au Sokoine mjini Lindi, na kumweleza daktari saa dalili zilipoanza na dawa anazotumia.